Fisi kwenye Kitambaa cha Kikapu

Jumamosi iliyopita, hapa Shinyanga mjini, niliwakuta wajukuu wangu wametandaza vitambaa vya kufutia mikono sebuleni, wanavipulizia rangi ya kopo. Shuleni kwao kuna sherehe ya kutishana. Walikata maboksi umbo la mafuvu na popo, wakayalaza juu ya kitambaa na kupuliza; ukiinua boksi, umbo linabaki jeupe. "Bibi, njoo uchague linalotisha zaidi!" Nikawaambia kiuno kinaniuma, nikatoka nje. Wewe nitakueleza ukweli.

Kazi hiyo naijua tangu nina miaka kumi, kijijini kwetu upande wa Kahama. Mwalimu wa kazi za mikono alichemsha rangi ya unga na chumvi, akaitia kwenye bomba jipya la kupulizia dawa ya mbu. Tulikata maua kwenye karatasi ngumu na kupuliza vitambaa vyeupe vya amerikani kwa zamu, darasa zima likinuka mvuke, vidole vyetu vikabaki vya bluu kwa siku kadhaa. Vilikuwa vya sikukuu ya kanisa letu la kigango, vya kufunikia vikapu vya chakula.

Mimi maua yalinichosha. Nikakata fisi, na juu yake bibi kizee mwenye fimbo ya panda. Kwetu kila mtoto alikuwa amesikia kwamba wachawi husafiri kwa fisi. Na fimbo ile kila mtu aliijua: ni ya jirani yetu mjane, aliyeishi peke yake nyuma ya ua wa minyaa, macho yake mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka yote. Nikachovya njiti kwenye rangi nyekundu, nikampa macho mawili mekundu.

"Bado kibiongo!" wenzangu walisema, wakicheka hadi wakakaa chini.

Tukirudi nyumbani, nilikianika kitambaa kwenye minyaa. Jirani akapita, yule yule aliyetugawia michembe, viazi vitamu vya kukausha, kila tulipotoka shule. Akakipapasa.

"Umekitengeneza wewe, mayu?" aliuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Macho yangu haya yanaona weupe tu. Ni picha ya nini?"

Wenzangu wakaziba midomo. Nikasema, "Maua, bibi."

"Basi nipe mimi. Sina cha kufunikia kikapu Jumapili."

Ningeweza kusema ni cha mwalimu. Nikampa, kwa sababu wenzangu walikuwa wananitazama.

Jumapili, baada ya ibada, vikapu vilipangwa kwenye mkeka. Chake alikiweka katikati, akakinyoosha kitambaa kwa viganja, kwa fahari. Mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Mwingine akanong'ona, "Amemleta fisi wake mwenyewe, hadi kanisani!" Vikapu vyote vikafunuliwa isipokuwa kile. Mama yangu alikitazama kitambaa, kisha akatazama vidole vyangu vya bluu, akangoja. Alingoja niseme. Nikaficha mikono nyuma.

Njiani jirani aliniita. "Leo watu walishiba mapema, mayu. Kula wewe." Michembe ilikuwa imepikwa na karanga, laini, tamu. Nikala huku nalia, naye akanifuta machozi kwa kitambaa kile kile, akidhani nimeanguka.

Tangu siku hiyo wanawake walibadili njia ya kisimani. Ndama akifa, macho yaligeukia ua wa minyaa. Kabla hata ya mavuno, kaka yake akaja na mkokoteni kutoka Nyarugusu akamchukua. Aliondoka amekaa juu ya mizigo yake, sufuria mapajani, imefunikwa kwa kitambaa changu. Akanipungia mkono.

Padri aliponiungamisha aliniambia nimfuate nimwombe radhi. Nikasema likizo. Kisha nikasema nikiolewa. Nilipofika Nyarugusu nilikuwa na watoto watatu, na kaka yake akanionyesha kaburi. Alisema dada yake alisimulia hadi mwisho juu ya binti wa jirani aliyempa maua.

Siku hizi pale kijijini ni barabara ya malori ya mgodi. Minyaa imeng'olewa yote, kisima kimefukiwa. Mungu amenipa uzee mwema na wajukuu wenye kelele, namshukuru kila asubuhi. Msamaha wake niliuomba, naamini alinipa. Wa jirani yetu sina, kwa sababu yeye alikufa akinishukuru.