Jeraha la Ukurasa wa Tisa

Usiku ule sikulala hata lepe, ndiyo maana ndoto yenyewe ilinijia mchana kweupe, baada ya adhuhuri, nimejinyoosha barazani na mswada wa marehemu Shabani uko kifuani. Zuhura, bintiye, ndiye aliyeniletea. "Baba mdogo," alisema, "tunataka kukichapisha kitabu cha baba. Wewe ndiye uliyekisoma mwanzo. Tuandikie dibaji, ukurasa mmoja tu. Sema yale yale uliyomwambia yeye."

Yale yale! Nilimwambia ni kizuri, mashallah, hakina kasoro. Na nilikuwa nimesinzia mara nne nikikisoma.

Niseme ukweli, maana kwa umri huu uongo unanichosha kuliko kupanda ngazi. Kitabu ni kibovu. Ni hadithi ya upelelezi, ile ya upole isiyo na bastola: muuza vitumbua mmoja, Bi Sauda, anamsaka muuaji huku anakoroga unga. Mwanzo unapendeza. Halafu ukurasa wa tisa tajiri mmoja wa machungwa anachomwa kisu cha ubavu, anaoshwa, anakafiniwa, anazikwa, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ameuawa. Wote wanadhani ni moyo. Eti Bi Sauda ndiye anayekuja kugundua, siku ya arobaini, kwa kumtazama bwana mmoja anavyokula kitumbua! Anamuuliza swali moja tu, na yule bwana anakiri mbele ya hadhara, nusura ashukuru. Jamani!

Mimi ni mwosha maiti. Nimefundisha na Shabani shule moja miaka na miaka, lakini hapa Muheza watu wananijua zaidi kwa kazi hiyo ya pili. Pale kwenye kitanda cha kuoshea hakifichiki kitu. Utaona kovu la utotoni, utaona alama ya sindano ya juzi. Sasa jeraha la kisu, waoshaji watatu, wote wasilione? Labda wawe vipofu, na hata kipofu ana vidole.

Siku niliyomrudishia mswada, Shabani alikuwa kitandani, miguu imeshakataa. "Sema kweli, Idi," aliniambia. "Mficha uchi hazai." Nikafungua kurasa, naye ananitazama usoni. Nikamwonea huruma. Na tusidanganyane, nilikuwa nimechoka pia, nataka kwenda nyumbani. Nikasema ni kizuri. Alilala pale mwaka mzima, kisha akafa, nikamwosha kwa mikono hii.

Basi niko barazani na kalamu, nimeandika "Kitabu hiki" na nimekwama hapo hapo. Macho yakanielemea.

Nikamwona Shabani anaingia uani kwa miguu yake mwenyewe. Amevaa suruali yake ya kaki ya shuleni, na wala sikushangaa. Nilishangaa tu kumwona amechoka vile, maana nilidhani wenzetu huko wanapumzika. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapumua, akafuta chaki mikononi.

"Twende," akasema.

Tukawa darasani. Mara darasa si darasa tena, ni chumba cha kuoshea pale msikitini, ila ubao bado uko ukutani na tarehe imeandikwa kwa mwandiko wangu. Kitandani amelala yule tajiri wa machungwa. Waoshaji watatu wanakunja mikono ya kanzu. Mmoja anamgeuza ubavu, anasimama. "Jamani," anasema, "huyu kachomwa kisu."

Hadithi ikaisha pale pale, ukurasa wa tisa.

Mlangoni naona watu wa kitabu wamekaa chini, hawana kazi. Muuaji ameshika kofia yake magotini, yuko tayari kukiri, na hakuna anayemuuliza. Bi Sauda ananijia na mwiko mkononi, unga unamchuruzika hadi kwenye kiwiko. "Wewe ndiye Idi? Nimekoroga unga kurasa mia mbili, mkono umekufa ganzi, kumbe kesi yenyewe ilikuwa ya dakika mbili! Na wewe ulijua, mzee mzima!"

Shabani anampita, anapanda kitandani. Tajiri hayupo tena. Shabani analala chali, anatazama dari, nami nimeshika kata ya maji kama siku ile. Maji ni ya vuguvugu. Nasema haraka haraka, kwa sababu naona haya: "Shabani, mwosha hasemi alichokiona. Unajua mwenyewe. Aibu ya maiti husitiriwa."

"Ya maiti," anasema. Anageuza shingo, ananitazama. "Mimi nilikuwa hai, Idi. Ulinisitiri kabla sijafa."

Kata ikaniponyoka. Nililia, na hata ndotoni nilijua kwamba ninalia. Laiti angenikasirikia! Hakuwa na hasira hata chembe. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyerudia kosa lile lile kwa mara ya tatu. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati langu, akatoa kalamu nyekundu, ambayo sijaibeba tangu nistaafu, akaniwekea kiganjani.

"Zuhura naye yu hai," akasema. Akafumba macho.

Nikaamka. Shingo inauma, kurasa zimetawanyika baraza nzima, na kuku wa jirani anatembea juu yake bila adabu. Nikampigia Zuhura kabla hata sijanawa uso.

"Mwanangu, kitabu cha baba yako kina tundu. Mtu kachomwa kisu, wakamwosha watu watatu, na hakuna aliyeona. Haiwezekani. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Alikuwa anashona nguo. Nilisikia cherehani yake inasimama.

"Tundu hilo lingezibika?" akauliza.

Nikafungua mdomo niseme hapana, jibu likanijia lenyewe, nikakaa chini. "Lingezibika. Angemtumia mmoja tu wa wale waoshaji watatu, yule anayepitisha mkono chini ya shuka la kumsitiri maiti. Aone, anyamaze, awaambie wenzake mimi nimemaliza, tumkafini. Ni mistari miwili mitatu."

"Na mtu kama huyo yupo?"

"Yupo, mwanangu."

Akavuta pumzi. "Baba alilala mwaka mzima anatazama dari, baba mdogo. Kila asubuhi ananiuliza, nifanye nini leo? Mbona hukumwambia?"

Nikamwambia kweli, kwamba nilimwonea huruma, na kwamba nilikuwa nimechoka, nataka kwenda nyumbani. Hakukata simu. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Basi iandike wewe hiyo mistari. Na dibaji useme kweli." Kisha cherehani ikaanza tena.

Nikaokota kurasa, nikamfukuza kuku. Kalamu nyekundu niliipata kabatini, wino umekauka, nikailamba ncha mpaka ikakubali. Nikayakata yale maneno "Kitabu hiki", na chini yake nikaandika: "Mimi niliona, nikanyamaza."