Vitako Vipya vya Wakoli

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Hapana, nakosea, tisini na tatu nilikuwa bado nalinda geti kule kiwandani. Basi ni tisini na nne, nimeshastaafu, na kazi yangu ni kutembea tu mitaani Nairobi, leo Donholm, kesho Huruma. Miguu ikichoka, nilikaa kwa Wakoli.

Wakoli alikuwa fundi wa sufuria pale Huruma. Sufuria ikitoboka, anakata kitako kilichoisha, anatia kipya, anakunja ukingo na kugonga mpaka maji hayapiti. Kile cha zamani hakukitupa. Alikigonga kikawa kifuniko cha kikombe. Tena alimwonya kila mama aliyekuja asisugue sufuria kwa mchanga, maana mchanga huila.

"Baba Muhonja, unawafundisha watu wasirudi!" mkewe Ayuma alikuwa akimgombeza.

"Watarudi. Huruma hatujaacha kula ugali."

Siku moja akaja Abdurahim, mwenye duka la vyombo Eastleigh, na sufuria kubwa ya pilau ya mama yake. Alipokuja kuichukua aliigeuzageuza, akasema, "Fundi, mkono kama huu unafanya nini kibandani? Nitakupa mahali, nikupe mabati ya alumini na vijana kumi. Nitengenezee sufuria mpya, nyembamba, za bei ambayo kila mama ataiweza."

Hakuwa mtu mbaya. Aliongea kwa heshima, na bei nafuu nani haitaki? Akaacha bati moja la kujaribia, akasema atarudi Jumamosi.

Ayuma hakungoja Jumamosi. Alienda Donholm kutazama nyumba ya vyumba viwili ya kupanga, kazi ile ikipatikana. Aliniambia mwenyewe: mzee, mfereji wa maji uko ndani, jikoni. Aliufungua, akaufunga, akaufungua tena. Huruma alikuwa akipanga foleni ya maji tangu alfajiri, miaka kumi na miwili sasa, na mgongo wake ulikuwa umeanza kumsumbua.

Wakoli naye alitengeneza sufuria moja. Nzuri, inang'aa. Kisha akaikata kitako, ajaribu kutia kingine, kama vile imeshatoboka. Ubavu ukapasuka. Akajaribu juu kidogo, ukapasuka tena. Ulikuwa mwembamba mno, haukubali kukunjwa.

Jumamosi, nami nikiwa nimekaa pale, akamwonyesha Abdurahim. "Hii ikitoboka, hata mimi siiwezi."

"Si mwenye nayo atanunua nyingine, fundi? Ndiyo biashara."

"Kumbe! Kwa hiyo vijana wako kumi wakitaka kula, mimi niamke niombe, Ee Bwana, toboa sufuria za majirani?"

Abdurahim alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi tengeneza nene."

"Nene nitakupa mbili kwa wiki, kwa mikono yangu hii. Hapo panatosha."

"Mbili hazijazi duka, ndugu yangu."

Wakaagana vizuri. Hata ile sufuria ya pilau iliendelea kuletwa ilipohitaji fundi.

Nilimpenda Wakoli siku ile, sisemi uongo. Nilikuwa nimelinda geti miaka mingi, nikaona kiwanda kikiongeza mashine, kikiongeza moshi, na sikuwahi kusikia mtu hata mmoja akisema hapa panatosha. Huyu alisema, na alisema huku akitabasamu.

Ila nilipokuwa nainuka niende zangu, Ayuma akapita na mtungi wa maji kichwani. Kwa kawaida alinitania, "Mzee, leo umepotea njia?" Siku hiyo alipita moja kwa moja, shingo imekaza, maji yakimdondokea begani.

Wakoli alimtazama mpaka akaingia ndani. Kisha akainama, akachukua kifuniko na nyundo, akaanza kugonga kwa nguvu, kwa hiyo sijui kama alinisikia nilipomwuliza: "Na Mama Muhonja, yeye ulimwuliza kama panatosha?"