Konji ya Baba huko Nyangwe

Baba alikuwa karani wa mgodi wa dhahabu huko Salamabila, na mwaka ule mzungu wake alimpa konji, yaani likizo. Wenzake wa kambini walipopata konji walikwenda kwao kulima au kumaliza kesi za mashamba. Baba yangu alitaka kupumzika kama alivyowaona wazungu wakipumzika barazani. Akamwagiza seremala wa kambi amtengenezee kiti kirefu cha kitambaa, cha kulalia miguu ikiwa mbele, na kiti hicho kikapanda lori pamoja nasi, kupitia Kasongo hadi Nyangwe, kwa mama mzazi wa mama. Dada yangu mkubwa na mimi tuligombana njia nzima, kila mmoja akitaka kukaa upande wa kuona barabara. Mdogo wetu, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni, alilala.

Nyanya yetu tulimwita Kambo. Alikuwa mjane, akiishi peke yake, na kwetu binti aliyezaa humwachia mama yake mtoto mmoja, wa kumchotea maji na kumjazia nyumba maneno. Mama alikuwa amekwisha kukwepa mara mbili. Kwanza alisema kwamba tu wadogo mno, halafu akasema tunaumwaumwa. Safari hii tulikuwa wakubwa na wanene. Tumaini lake lilikuwa moja tu: mtoto hachukuliwi kwa nguvu. Lazima aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba anabaki. Asubuhi ya siku yetu ya mwisho alituita nyuma ya jiko, akatukazia macho.

"Leo mutanyamaza," alisema. "Kambo akiuliza nani anabaki, muangalie chini. Mumesikia? Mi sitaki kuacha mutoto hapa."

Tulimwitikia wote wawili kwa sauti moja, jambo ambalo lilikuwa nadra.

Kisha tukateremka mtoni. Kilikuwa kiangazi, Lualaba imepungua na kuacha mchanga mpana, na Baba akakikunjua kiti chake karibu na maji, akajilaza, akafunika uso kwa kofia. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho pale. Kambo ndiye aliyepata taabu zaidi, maana mama mkwe hapaswi kumwona mkwe wake amelala. Alikaa kwenye mkeka akiwa amempa mgongo, siku nzima, na akiwa na neno la kumwambia alilipitisha kwa mama. Mvuvi mmoja mzee alipita na nyavu zake begani, akasimama.

"Pole, mukwe wetu. Iko homa?"

"Hapana, baba. Niko mu konji."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Muda si mrefu mkewe akaja na bakuli la uji wa mchele, uji wa mgonjwa, wenye chumvi kidogo tu. Baba aliunywa wote bila haya. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi, na nilifurahi kumwona akicheka, kwa sababu tangu tulipofika Nyangwe alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Baba alipoinuka kwenda kuoga, dada na mimi tulikivamia kiti. Yeye alishika kichwani, mimi miguuni, tukavutana, mchanga ukaingia machoni mwa mdogo wetu, akalia. Mama akatutenganisha. Baadaye tuligombea kichwa cha samaki, ambacho mwishowe Kambo alikila mwenyewe. Tukagombea kivuli. Tukagombea nani amegusa maji kwanza, na hapo hata Baba aliinua kofia akauliza kama kuna mahali watu wanauza watoto. Kambo hakutukemea hata mara moja. Alikuwa anatusikiliza akitabasamu, na mimi nilidhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi kweli, lakini hayakuwa peke yake.

Alasiri tukarudi uani. Wanawake wawili wa jirani walikuja kumuaga mama, wakakaa. Dada alianza kutwanga sombe, majani ya muhogo, na mimi nikamnyang'anya mchi.

"Toka!" dada alisema. "Weye haujui kutwanga. Unamwaga majani."

"Najua!"

"Hata kuchota maji unalialia. Ukiachwa hapa usiku moja tu, utalia mpaka asubuhi."

"Sitalia!"

"Hauwezi kubaki hapa, weye."

"Naweza! Nitabaki na Kambo, na weye utaenda peke yako!"

Kambo akapiga vigelegele. Wale wanawake wakamjibu kwa vigelegele vyao, na mama akasimama na kisu cha vitunguu mkononi.

"Mama, ni ugomvi tu," alisema. "Maneno ya ugomvi si maneno."

"Mutoto amesema," Kambo alimjibu, bila kupandisha sauti. Akawageukia jirani zake. "Mumesikia?"

"Tumesikia."

Mama alimwangalia Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni. Baba akainamisha kichwa akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nilimkasirikia kwa miaka mingi kwa sababu ya kupata methali haraka namna ile. Angeweza kutafuta kidogo.

Mimi bado nilikuwa nimeshika mchi, na nasema kweli, nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda. Niliendelea kutwanga kwa nguvu ili dada aone. Lakini dada alikuwa ameacha kuniangalia. Alikwenda kupiga magoti mbele ya Kambo.

"Kambo, uyu hajui kitu. Mi njo najua kutwanga. Unikamate miye, nibaki."

Kambo alimpapasa shavu, akamwinua. Hapo ndipo mikono yangu ilipochoka.

Kesho yake asubuhi, kabla ya lori kuondoka, mama alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka nywele kwa uzi mweusi. Kichwa changu kilikuwa chepesi kuuma, na siku zote alinisuka kwa kulegeza. Siku ile alivuta mpaka nyusi zikapanda.

"Mama, unaniumiza."

"Vumilia. Nikikaza, zitakaa."

Dereva alipiga honi, akapiga tena. Mama hakuinua kichwa mpaka alipofunga fundo la mwisho, kisha akaenda moja kwa moja kwenye lori, na hakugeuka nyuma.

Nywele zile nilizilinda. Kambo akitaka kuzifumua nilikimbilia mtoni, mpaka zikajaa vumbi na chawa na watoto wenzangu wakawa hawataki kukaa karibu nami. Mwishowe alinishika, akanibana kwa magoti, akafumua moja moja huku nikipiga kelele. Hakunikemea. Alikusanya vipande vya uzi vyote, akavitia mkononi mwangu, akanifumba vidole.