Anastazia na Nyumba ya Magurudumu

Anastazia Maige alitimiza miaka arobaini na mmoja bila kujua likizo ni kitu gani. Alikuwa fundi cherehani pale Kamunyonge, mjini Musoma, na kwaya nyingi za mjini zilikuwa zimewahi kupimwa kwa futi yake. Mapumziko yake yalikuwa Jumapili mchana baada ya ibada, anapokaa mkekani na kunyoosha miguu. Kwa hiyo mume wake, Gibson Nyamhanga, alipomwambia kwamba shule zikifungwa mwezi wa sita wataondoka wote kwenda kulala porini ndani ya gari, alidhani ni utani wake wa kawaida.

Haukuwa utani. Gibson ni fundi wa kuchomelea. Mwaka juzi watalii waliokuwa wanaelekea Sirari walimletea gari lao, lenye vitanda na jiko ndani, awatengenezee ngazi iliyokatika. Ngazi aliimaliza kwa nusu saa, gari akalitazama kwa saa mbili. Tangu siku hiyo akawa anaokota vyuma na mabati, na juu ya lori lake kuukuu aina ya Canter akajenga chumba kizima: vitanda vya kukunja, dirisha la kioo, jiko la gesi na mlango wa nyuma. Majirani walikuja kukichungulia kama wanaoangalia maharusi.

"Tunaanzia Butiama kwa mama mdogo, halafu tunashuka Guta," Gibson alieleza. "Huku ziwa, huku mbuga. Watoto waione nchi yao."

Anastazia aliendelea kukata kitambaa. Kusikia jina la Guta kulimfanya akate nje ya mstari.

Waliondoka watano: Gibson na mkewe, binti yao Ursula wa miaka kumi na minne, Samwel wa miaka sita, na Bibi Rhobi, mama yake Gibson. Bibi huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache kwa mkwewe yalikuwa makali. Butiama walilala salama, wakapewa mkungu wa ndizi mbivu. Kesho yake wakapita Bunda mjini, wakakata kuelekea ziwani, na jua likiwa bado juu Gibson akaegesha chini ya mgunga mmoja mkubwa, mbali na nyumba za watu. Mbele yao, hatua kama themanini, kulikuwa na maji na matete. Nyuma yao nyasi za manjano zilienda mpaka macho yachoke.

"Hapa hatulali," Anastazia alisema.

"Kwa nini tena, Mama Ursula?"

Alimvuta pembeni, watoto wasisikie. Miaka kumi na minane ya ndoa alikuwa amemwambia kwamba baba yake alikufa kwa ajali. Sasa alimwambia ajali yenyewe. Mzee Maige aliuawa na tembo kwenye shamba lake la mahindi, kijiji kisicho mbali na pale walipokuwa wamesimama. Yeye Anastazia alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyetumwa kumpelekea uji.

Gibson alimshika bega. "Pole, mke wangu. Ungeniambia toka zamani. Lakini gurudumu la nyuma naona linashuka, na kufika kijijini hatutafika. Tulale leo, asubuhi mapema nipeleke tairi kwa fundi, tuhame."

Usiku ulipita. Saa mbili asubuhi Gibson alikuwa ameinua gari kwa jeki na kufungua tairi, akapanda nalo bodaboda aliyoiita kwa simu kwenda kutafuta fundi wa pancha. Canter ikabaki imeegemea jeki upande mmoja. Samwel alikuwa bado amelala, Ursula akabaki naye ndani. Anastazia na mama mkwe wakachukua masufuria ya jana wakateremka ziwani.

Walikuwa wamesugua sufuria la pili pale Bibi Rhobi alipoacha mkono hewani.

"Wewe," alinong'ona. "Nini ile?"

Anastazia aligeuka. Tembo watano walikuwa wamesimama kati yao na gari. Hakuwa amesikia hata ukoka ukikanyagwa. Mkubwa wao, jike mwenye pembe moja iliyovunjika, alikuwa ameinua mkonga akinusa. Mtoto wao mdogo alikuwa anazunguka gari na kuigusagusa ngazi ya mlango wa nyuma.

Ndizi, Anastazia aliwaza. Mungu wangu, ndizi ziko ndani.

Alitaka kupiga kelele, akaziba mdomo kwa ngumi. Pale dirishani aliona uso wa Ursula, umekuwa wa rangi ya majivu. Binti alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wa mdogo wake, na wote wawili hawakutikisika. Akili za mtoto huyu, Anastazia alisema moyoni, Bwana azitunze.

Jike lile lilisogea, likaweka paji la uso kwenye ubavu wa chumba na kusukuma taratibu, kama mtu anayejaribu mlango. Bati lililia. Gari likainama upande usio na tairi, likarudi.

"Jeki," Bibi Rhobi alisema. "Jeki ikitoka, wajukuu wangu wamekwisha."

"Najua, Mama."

"Basi piga kelele!"

"Tukipiga kelele kutoka huku, watakimbilia mbugani. Gari liko katikati. Watalipitia juu."

Bibi Rhobi alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye. "Wewe umejuaje?"

"Nilikuwaga nalinda shamba na baba. Alisema tembo hazibiwi njia ya kurudi. Unamfukuza ukiwa pembeni, unamwachia pa kutokea."

Ndipo simu ikaita. Ilikuwa ya Anastazia mwenyewe, iko ndani ya gari, na aliijua sauti yake kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Ni Gibson, bila shaka, anataka kusema tairi limeshazibwa. Tembo wote walishtuka. Jike likatanua masikio, likalikabili gari na kulisukuma kwa nguvu kiasi kwamba gurudumu la upande wa pili lilinyanyuka, likadunda chini. Ndani Samwel alilia mara moja, sauti ikakatwa.

Anastazia hakungoja tena. Alishika sufuria kubwa kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono mwingine, akamwambia mama mkwe asitoke kwenye matete, akaingia majini. Alitembea kando ya ufuo, maji yakimfika kiunoni, miguu ikizama kwenye tope. Huko ndiko mamba hujificha, na alilijua hilo vizuri. Hakuthubutu kukimbia, kwa sababu maji yangesikika. Alihesabu hatua ili asifikirie kitu kingine. Alipofika hatua ya tisini alitazama: sasa gari lilikuwa upande wake wa kushoto, tembo wako wazi mbele yake, na nyuma yao mbuga tupu. Akapanda nchi kavu, gauni likichuruzika maji, akasimama pale peupe.

Akapiga sufuria.

Alipiga kama alivyopigaga utotoni, haraka haraka, bila kupumzisha mkono, huku akipaza sauti kwa lugha ya nyumbani kwao, maneno ambayo hakuwa ameyatamka kwa miaka thelathini. Jike likageuka. Likamwona. Vumbi likaruka, na lile lijitu likaja kwake limetanua masikio, mkonga juu, mlio wake ukimtetemesha Anastazia mpaka kwenye meno.

Hakukimbia. Baadaye watu walimsifu kwa hilo, naye akawaambia ukweli kwamba miguu ilikataa. Aliendelea kupiga sufuria kwa sababu mkono haukujua jambo lingine la kufanya.

Hatua kama kumi na tano mbele yake jike likasimama. Lilipuliza pumzi, likatikisa kichwa, vumbi likamwangukia Anastazia usoni. Walitazamana. Kisha likageuka upande, likatoa mngurumo mzito wa chinichini, na mtoto wao akaiacha ngazi akalifuata mbio. Wengine wakafuata. Hawakuligusa gari. Waliingia kwenye nyasi za manjano wakaenda, wala hawakuangalia nyuma.

Anastazia alipofika kwenye Canter, Ursula alikuwa ameshafungua mlango. Jeki ilikuwa imeinama upande, imebakiza kidogo sana kuanguka. Aliwashusha watoto mmoja mmoja, akawasogeza mbali na gari, ndipo akakaa chini na kutapika.

Bibi Rhobi alikuja akikokota masufuria, amelowa mpaka kifuani. Alimfuta mkwewe uso kwa khanga yake mwenyewe. "Mimi nilikuwaga nasema Gibson ameoa mshona nguo tu," alisema. "Unisamehe, mwanangu."

Gibson alirudi na tairi lake baada ya nusu saa. Alilitazama bati lililobonyea, akamtazama mkewe. Alifunga tairi. Ndizi zote aliziacha pale. Wakahamia Kisorya, wakaegesha katikati ya nyumba za watu karibu na kivuko, na siku mbili zilizobaki watoto waliogelea na kula sato mpaka wakachoka. Anastazia alikaa mlangoni mwa gari akiwaangalia. Alicheka nao walipocheka, ila kila chombo kilipoanguka mahali alisimama.

Jumatatu alifungua kibaraza chake kama kawaida, maana sare za kwaya zilikuwa zinangojwa. Vidole vilikuwa bado havijatulia na tundu la sindano lilimkwepa. Ursula alivuta kigoda akakaa pembeni yake bila kuombwa, akachukua uzi, akalamba ncha. Wiki nzima yeye ndiye aliyekuwa anamtungia mama yake sindano.