Pumzi ya Mama Katika Santuri

Mwanangu, kuna siku moja ya mvua pale Masisi, mashariki mwa Kongo, ambayo sijaiacha, wala yenyewe haijaniacha.

Ilikuwa miaka ya vita ile ya kwanza, baada tu ya uhuru, nami nilikuwa msichana ambaye bado angepaswa kuwa darasani. Mama alikuwa ametangulia kwa homa, wakati mdogo wetu wa mwisho, Furaha, bado ananyonya. Kisha vita ikamchukua baba na kututoa kwetu Kingi. Nikaacha masomo, nikalima maharagwe katika mashamba ya watu, na jioni nikawa mama wa wadogo zangu, Bahati na Furaha. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Tulikimbilia Masisi na sufuria, blanketi, na gramafoni ya baba, ile ya kuzungushwa kwa mkono. Njiani watu walinicheka: wenzake wanabeba mbuzi, yeye anabeba kisanduku! Hawakujua kwamba ndani mlikuwa na santuri moja ya kwaya ya parokia yetu, iliyorekodiwa mama akiwa bado msichana. Katika ubeti wa pili kwaya inanyamaza, mama anaimba peke yake. Picha yake hatukuwa nayo. Furaha hakumkumbuka hata uso, na urithi wake wote kutoka kwa mama ulikuwa ubeti ule.

Lakini gramafoni ilikuwa imeanguka njiani, na tangu hapo ikawa inakimbiza santuri. Mama akawa anatoka na sauti nyembamba kama kifaranga. Kamani, ile springi ya ndani, ikilegea, sauti inazama, mpaka mama anakuwa mzee mlevi. Siku hiyo ya mvua Bahati aliiweka barazani, akacheza mabega juu, vijana wakashika mbavu.

"Furaha, sikia mama! Iko nakuita kama kuku!"

Furaha akacheka kuliko wote. Hapo ndipo niliumia, mwanangu. Hakuwa anadhihaki. Aliamini kwamba mama yetu ndivyo alivyokuwa.

Papa Kasereka, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyetupa chumba nyuma ya duka lake, akaweka chini kopo la kupimia chumvi.

"Ninyi batoto, munamukimbiza mama yenu aende wapi?"

"Papa, si mashine njo inakimbia," Bahati akajibu; kwetu "njo" ni "ndiyo".

"Hata ng'ombe anakimbia kama hakuna mwenye kumuchunga. Leta kisu."

Kwa ncha ya kisu alituonyesha sukurubu ndogo kando ya sahani inayozunguka. Ukiigeuza huku, mwendo unapungua; kule, unaongezeka. Nikamwomba aiweke sawa. Akanipa kisu mkononi.

"Mimi sikumujua mama yako. Nitamupima na nini? Weye njo ulimusikia. Na usijaribu ovyo, sindano iko nakula santuri kila mara."

Sindano yenyewe ilikuwa imebaki moja, nayo butu. Kila nikikosea, nilikuwa namkwangua mama.

Nikafumba macho. Nikamtafuta akiita ng'ombe bondeni, akinigombeza kwa maziwa niliyomwaga. Nikageuza kidogo: bado kitoto. Nikageuza tena: mwanamke, lakini mgeni. Nikageuza kama unywele tu. Na kabla ya ubeti wa pili nikasikia kitu ambacho zile mbio zilikuwa zimekimeza: mama anavuta pumzi. Kisha akaimba, naye alikuwa yeye.

Bahati aligeukia ukuta. Furaha akanishika kidole.

"Dada, huyu njo nani?"

"Njo mama."

"Na ule wa kuku?"

"Ule hakuwa yeye."

Akafikiri. "Basi rudisha pale anapumua."

Nikarudisha, kisha nikafunga kisanduku. Tangu siku hiyo tulimsikiliza mama kwenye sikukuu tu, ili asiishe.

Vita iliposukuma watu tena kuelekea Walikale, niliteleza katika tope la msituni, santuri ikavunjika. Maji yakimwagika hayazoleki. Nililia mimi, mkubwa wao. Furaha alisimama kando ya njia, akavuta pumzi, akaimba ubeti wote, kwa mwendo uleule. Leo ni bibi wa watu, na bado anauimba hivyo. Nami, wanawake wakirudi shambani wakiimba, huacha ninachofanya nikasubiri ile pumzi. Hutokea nikaisikia. Mara nyingi siisikii.

Kwa hiyo, mwanangu, nikuambie. Waliokufa hawana namna ya kumsahihisha anayewaiga vibaya, wanategemea aliyewasikia. Ukijikuta wewe ndiye unayekumbuka katika nyumba ya wasiokumbuka, usikubali kicheko kikunyamazishe. Keti, geuza pole pole, mpaka awe yeye mwenyewe. Kisha mpe aliye mdogo kuliko wote ambebe kifuani, maana santuri huvunjika. Na mama yako aliye hai, usimkimbize. Akinyamaza kabla ya kusema, usimdakie neno. Anavuta pumzi, na siku moja utaitamani pumzi hiyo kuliko maneno yenyewe. Mwenda pole hajikwai.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu. Na siku atakapoichukua, akuachie duniani japo mtu mmoja anayejua mwendo wako.