Ngozi Imepoa, Koo Bado

Kitendawili, wajukuu zangu. Ndugu watatu kwenye kikonyo kimoja. Ukiwapa mkono, utalia wiki nzima. Mmeshindwa? Mji wenu kaeni nao, jibu nawapa bure: ni mtambaa wa sumu, ule wa majani matatu matatu, unaopanda nyua na miti vilimani Kentucky mashariki, huko Marekani. Upupu mbele yake ni mchezo wa watoto.

Saa kumi na mbili asubuhi, Delphia Sizemore anaponda dawa yake ya muwasho, mashina ya mmea wa kijitoni, laini, yaliyojaa maji. Ana miaka hamsini na tisa, na kazi yake ni kufyeka makaburi. Mumewe Verlon, anayefyeka naye, ameketi jikoni bila shati. Malengelenge yamempanda kutoka viganjani hadi mabegani. Jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Usijikune, mzee. Nikikuona tena nakuvisha soksi mikononi kama mtoto mchanga."

"Nivishe na masikioni basi, nipumzike na maneno yako," Verlon anajibu. Sauti inakwaruza. Anataka kucheka, anaishia kukohoa.

Bonde zima humjia Delphia likiwashwa. Kwanza, anasema, ni sabuni ya vyombo na maji baridi, upesi, kabla ngozi haijanywa mafuta ya mmea. Maji ya moto hataki hata kuyasikia. Nguo zifuliwe peke yake, na mpini wa fyekeo usuguliwe. Halafu ndipo hupaka maji ya mashina yake, uji wa shayiri uliopoa, au magadi ya kuokea yaliyokorogwa mazito. Wanaoogopa majimaji ya malengelenge huwacheka tu: hayo hayaambukizi mtu, mwenye kosa ni mafuta.

Eneo moja la makaburi ya ukoo huwapa dola tisini, wagawane. Mwezi wa tano ndio msimu wao, maana kila familia hupanda kilimani Jumapili moja kuwapelekea wafu wao maua, na hakuna anayetaka kumkuta mama yake chini ya magugu.

Safari hii Verlon alikuta rundo la magogo ya mwaka jana karibu na kaburi la kaka yake Hobart, mchimba makaa ya mawe aliyekufa kwa vumbi lililomjaa kifuani. Magogo yalizungukwa na kamba kavu zenye manyoya, bila jani hata moja. Akadhani ni mizabibu pori. Akatia kiberiti, akasimama pale pale moshi ulipoelekea.

"Mtambaa ukifa, sumu yake haifi," anasema Delphia. "Na moshi wake, yeye kauvuta wote."

Ngozi imeanza kupoa. Linalozidi kuvimba ni koo. Jana hata mkate wa mahindi uliolowekwa kwenye maziwa ulimshinda, na akivuta pumzi kifua kinapiga filimbi.

Juzi Delphia alimuuliza, "Mzee, nikupeleke hospitali?" Akageukia ukuta. Jana akauliza tena, akaambiwa makaburi hayajaisha. Pembeni, Delphia anaeleza kuwa Hobart naye aliteremka hospitali kwa miguu yake, akarudishwa ndani ya jeneza.

"Ngozi naiweza," anasema kwa sauti ya chini. "Huko ndani nitampaka nini?"

Anarudi kwa mumewe, anamuuliza mara ya tatu.

Mlango unafunguliwa. Ni Ruhama, dada wa Verlon, glavu zimefika viwikoni, nyuma yake wanawake wa kanisani wamebeba mafyekeo. Wanapanda kumalizia kazi, anasema. Anamtazama kaka yake, anasikiliza ile filimbi ya kifuani.

"Kaka, pale ubavuni kwa Hobart pamebaki upana wa mtu mmoja. Nipafyeke vizuri kabisa, au nipitishe tu fyekeo?"

Delphia anasimama, kitambaa cha dawa kinamdondoka mkononi.

Verlon anameza mate, mara moja, mara ya pili, na mate hayapiti. Ananyoosha mkono kulifuata shati lake.

"Pitisha tu," anamwambia dada yake. Kisha anamgeukia mkewe. "Nipeleke, mama. Washa gari."