Riwaya Iliyotuacha Matangani

Mama alikataa kitabu kingine kwa sababu tulikuwa matangani. Aliyekufa alikuwa mtu wa kwenye riwaya.

Tangu macho yake yafifie, kila Jumamosi nafunga duka langu la mbegu Kitale na kushuka kwake, nje kidogo ya Bungoma, kumsomea. Kabla sijaanza kumsomea alikuwa amenyamaza kabisa, mtu aliyezoea kugombana hata na jogoo. Riwaya ile ndiyo iliyomrudishia mdomo. Alimtukana mwovu, akamtafutia shujaa mke mwingine, akanifokea nilipotaka chai katikati ya sura. Halafu mwishoni shujaa akafa, na mama akalia kama amefiwa na ndugu.

Jumamosi iliyofuata nikafika na riwaya mpya. Akaisukuma kando.

"Wewe! Mtu hata hajapoa kaburini, unaleta mwingine? Watu watasema nini?"

Watu walikuwa wameshasema. Jirani yake wa kanisani aliingia na sukari na majani ya chai, akaketi, akashika tama.

"Pole sana, mama. Aliugua?"

"Wapi! Walimsaliti. Mtu mzuri hivyo!"

"Ni wa ukoo gani?"

Mama akanigeukia nijibu mimi. Nikaona nikisema ukweli sukari itarudi ilikotoka, nikasema tu ni wa mbali. Jirani akaomba mpaka jasho likamtoka, kisha tukanywa chai.

Nilicheka, lakini hofu nilikuwa nayo. Matanga yakizidi, mama angerudi kwenye kimya chake, na kimya kile mimi sikiwezi. Kitale nikamwendea muuza vitabu vya mitumba karibu na soko, nikamwambia nataka hadithi ambamo hafi mtu.

"Ati hafi mtu? Si ununue kalenda, bana!"

Akanichagulia tatu nyembamba, nzuri kweli, na juu yake akaniongezea bure dude moja nene lisilo na jalada. Nikabeba vyote, kwani cha bure nani hukataa?

Safari hii mama alikubali kuvishika. Akavipima kimoja kimoja mkononi, kama anavyopima kuku sokoni. Vile vyembamba akavitema, "Hii imekonda. Hii pia." Alipofika kwenye lile dude akatabasamu.

"Hii ndiyo kitabu."

"Mama, hiyo si hadithi. Inafundisha kutengeneza trekta."

"Kurasa ni mingi?"

"Nyingi mno. Hatuwezi kumaliza hata mwaka huu."

"Basi soma."

"Trekta, mama? Jamani!"

Akakipakata, asinitazame. "Kitabu ikiisha, mtu anarudi kwake," alisema. "Mimi nataka ile haiishi."

Nilitaka kumwambia ningekuja hata bila kitabu, lakini mama hapendi kulialia ovyo. Nikakichukua, nikafungua sura ya kwanza, nikasoma kwamba dereva akague mafuta kabla ya kuwasha injini.

Mama akainua mkono. "Ngoja. Huyo dereva ameoa?"

Nikautazama ukurasa. Ulikuwa na mchoro wa injini na mishale.

"Ameoa, mama," nikasema. "Bibi yake ni wa Webuye, na hiyo asubuhi walikuwa wamekosana."

"Nilijua tu!" mama akasema, akasogeza kiti karibu.